Mushi wa Kibosho na Mushi wa Machame: DNA inaweza kusema kama ni ukoo mmoja?

kihamba_cha_babu

Wakuu habari za muda huu. Naomba mwongozo kwa wenye uelewa na mambo ya vinasaba, na Wachagga wenzangu mnaojua mila piteni hapa pia maana hili jambo lina pande mbili.

Iko hivi, sisi ni kina Mushi wa Machame. Mdogo wangu wa kike kapata mchumba, kijana mstaarabu tu, ana kazi yake Dar, shida ni kwamba na yeye ni Mushi, ila wa Kibosho. Wenyewe walijua tangu mwanzo na hawakuona tatizo. Barua ya posa ikaja, mjomba ndo alikuwa anasoma kwa sauti, kufika kwenye jina la baba wa kijana akanyamaza, akavua miwani akaifuta, akaurudia ule mstari kimya kimya kisha akampa babu mdogo aisome mwenyewe. Kikao kikaishia hapo, hata soda zilizofunguliwa hazikunyweka.

Sasa babu mdogo anasema Mushi ni Mushi, hakuna kuoana ndani ya ukoo. Baba anasema wale ni ukoo mwingine kabisa, jina limegongana tu. Shangazi ndo ana stori nzuri kuliko wote, anasema kulikuwa na ndugu wawili wakagombana kwa ajili ya ng'ombe, mmoja akavuka mto Weru Weru usiku akaenda kuanzisha boma Kibosho. Ukimuuliza ilikuwa enzi ya mangi (chifu) gani anakwambia "zamani". Mimi nikasema jamani si kuna DNA siku hizi, tupime tuone, wakanigeukia wote, na sasa faili limekuwa langu.

Naomba kujua, je hiki kitu kinawezekana au nimewadanganya wazee? Anapimwa nani, dada na mchumba wake au wazee wenyewe? Na je kwa Mkemia Mkuu wanafanya hii au mpaka nje? Matusi sitaki, nina stresi za kutosha.

---

mtu_wa_maabara

Mkuu inawezekana, ila kwanza ujue mnauliza maswali mawili mkidhani ni moja. La kwanza ni je hizi koo mbili zina babu mmoja. La pili ni je hawa vijana wawili wana undugu wa damu wa karibu kiasi cha kuzuia ndoa. Vipimo vyake ni tofauti na majibu yanaweza yakapishana kabisa, moja likawa ndiyo na lingine hapana.

La ukoo kipimo chake ni kromosomu Y. Y anayo mwanaume peke yake, anaipata kwa baba, baba kwa babu, inashuka kwa wanaume tu kama kihamba, lile shamba la ukoo la kurithi. Na jina la ukoo la Kichagga linashuka njia hiyo hiyo kwa hiyo nyie mna bahati, kuna makabila kibao hapa nchini ambapo jina la tatu ni jina la babu tu, kila kizazi linabadilika, hao wakija na swali kama lako huna cha kuwapimia. Sasa dada yako hana Y, kwa hiyo kwa hili swali hapimiki. Mchumba anaweza, na upande wenu apimwe wewe, baba, babu mdogo, yeyote wa kiume anayebeba jina.

Wanachofanya ni kuangalia vituo fulani kwenye Y ambapo kipande kifupi cha DNA kinajirudia rudia, wanahesabu kimejirudia mara ngapi, labda 13, kituo kingine 24, kingine 11, mwisho unapata mstari wa namba. Vipimo vinavyotumika sana ni vya vituo 37 au 111. Mtoto wa kiume kwa kawaida anabeba namba za baba yake zilezile, ila mara chache namba moja inapanda au kushuka hatua moja, na kadiri vizazi vinavyopita tofauti zinaongezeka. Kwa hiyo kwenye vituo 37 mkikuta tofauti ni sifuri mpaka nne hivi kuna babu mmoja na wala si wa mbali sana. Mkikuta zinapishana kwa ishirini na kitu basi stori ya shangazi imekufa, hizo njia za kiume ziliachana maelfu ya miaka kabla Mushi wa kwanza hajazaliwa.

Tahadhari moja kubwa ambayo Wazungu kwenye maelekezo yao hawakuandikii. Wanaume wengi wa Kibantu tuko kundi moja kubwa la Y linaitwa E-M2, lilisambaa na uhamaji wa Wabantu ndani ya miaka elfu chache, kwa hiyo matawi yake mengi yanafanana. Mchagga, Mzulu na mtu wa Cameroon wanaweza wakalingana vituo 12 vyote na hawana undugu wowote wa kukalisha kikao. Ukiona mtu anakuuzia kipimo cha vituo 12 kwa bei chee mkimbie. Anza na 37, majibu yakikaa katikati katikati ndo unaenda kile kinachosoma sehemu kubwa ya Y yenyewe, kampuni ya FamilyTreeDNA wanakiita Big Y-700, ni ghali lakini kile hakibahatishi.

Alafu msipime mtu mmoja mmoja. Chukua wanaume wawili watatu kila upande, na wasiwe ndugu wa nyumba moja, tafuta matawi yaliyoachana zamani. Sababu yake nitaieleza mtu akiuliza maana najua kuna mtu atakuja kuuliza kwa kejeli.

Sasa lile la ndoa. Hapo wanapimwa dada na mchumba wenyewe, kipimo cha kromosomu zote zile za kawaida tunazorithi kwa baba na mama. Kama wanashea baba wa babu itaonekana tu. Wakishea babu wa babu, inaonekana karibu kila mara. Ukipanda kizazi kimoja juu ya hapo inakuwa nusu kwa nusu, na zaidi ya hapo inafifia haraka. Fikiria baba wa hao ndugu wawili wa shangazi yuko vizazi kumi nyuma, kila mmoja wa hawa vijana amebeba kwa wastani 1/1024 ya DNA yake, na uwezekano ni mkubwa kwamba hata hicho kipande kidogo hawashei. Yani Y inaweza kusema ukoo mmoja kabisa, na kipimo cha pili kikasema hawa hawana undugu kuliko dada yako na Mpare yeyote wa Same. Hapo wazee ndo wataamua mwiko wao unahusu kipi.

---

Mzee_wa_Uru

Mtaenda kutafuta ukoo mrudi na kesi.

Mimi sina elimu ya hayo makromosomu lakini nimekaa vikao vingi. Nikuulize wewe mtu wa maabara, binti anazaa nyumbani kabla hajaolewa, mtoto analelewa na babu yake mzaa mama, anabatizwa kwa jina la huyo babu, anapewa kihamba, anazikwa pale na masale yanapandwa kaburini. Huyo ni wa ukoo au siyo? Mjane anarithiwa na shemeji, sawa hapo damu ni ileile, lakini mwingine alirithiwa na mtu baki. Vita vya enzi za Mangi Sina, kati ya Kibosho na Machame, watoto walichukuliwa huku wakapelekwa kule wakakulia kwenye maboma ya watu wakawa watoto wa pale. Kuna waliokimbia njaa Upareni na Ukambani wakapokelewa. Wote hao leo wajukuu zao wanaitwa Mushi, Massawe, Kimaro, na ni kina Mushi kwelikweli. Sasa unataka kuja na kijiti chako cha pamba kumwambia mtu wa miaka sabini kwamba siye.

Kijana nikupe kipimo cha bure. Nenda Kibosho na babu yako mdogo, siku wanayochinja. Angalia mgao wa nyama. Kila ukoo una utaratibu wake nani anachukua kipande gani na nani anakigawa na inaanzia kwa nani. Waulize wanachinjia wapi tambiko, na kabla ya hapo mababu walichinjia wapi. Kama walitoka Machame kuna sehemu watataja, hata kama wenyewe hawajui iko wapi. Watu hugombana wakahama, jina wakabeba, na nyama wakaigawa vilevile.

---

mtu_wa_maabara

Mzee shikamoo, na wala sibishani. Hiyo ndo sababu niliyoiacha kiporo. Kila penye mtoto wa kulelewa, wa kurithiwa au wa pembeni, Y inaachana na jina. Ulaya Magharibi wameipima hii wakakuta ni kama 1% kwa kizazi, inaonekana ndogo lakini kwa vizazi kumi unapoteza karibu 10% ya njia, na ukilinganisha njia mbili kwa mkupuo ni karibu 18%. Sisi huku na vita na njaa zetu na malezi yetu sidhani kama tuko chini ya hapo. Kwa hiyo ukipima mmoja Machame na mmoja Kibosho ukakuta hawafanani hujajua chochote, inawezekana umedondokea hiyo njia iliyokatika. Ndo maana nikasema wawili watatu, wakifanana wao kwa wao kwanza, ndipo uvuke mto.

Na wale wanaosambaza takwimu za mitandaoni kwamba nusu ya wababa wamebambikiwa, wale ni watu waliokwenda kupima kwa sababu tayari wana mashaka, huwezi kuzitumia kuhesabia ukoo mzima.

Waingereza wamelifanya hili la majina kwa kina. Chuo kikuu cha Leicester, Turi King na Mark Jobling, mwaka 2009 walitoa utafiti wa wanaume 1,678 wenye majina 40 ya ukoo. Walichokuta ni kwamba jina likiwa adimu, waliolibeba wengi wanashea Y. Kina Attenborough wengi mno ni damu moja ya kiume. Jina likiwa la kawaida kama Smith, ambalo ni mhunzi tu, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, hawana tofauti na watu uliowaokota stendi. Sasa swali lenu nyie ni hili, Mushi ni Attenborough au ni Smith? Jina lilianza mara moja na mtu mmoja au liliibuka sehemu mbili tatu zisizojuana? Kwa wingi wa kina Mushi ninaowajua mimi, ningeweka hela yangu kwenye sehemu zaidi ya moja, lakini hiyo ni kamari siyo sayansi.

---

Mwana_wa_Bukavu

Jambo bandugu. Miye nasomaka tu bila kuandika lakini leo nimecheka. Huku kwetu Bukavu, Congo, Mushi njo mutu wa kabila ya Bashi, tuko bengi sana. Mutu wa Kilimanjaro akikuya huku na hii jina bote batamusalimia mu Mashi, luga yetu, atabakia anatuangalia tu. Musitupime na sisi, ng'ombe zenu hatukuziona.

---

mama_pacha_MN

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Minnesota, Marekani, na nimepitia hii njia kwa hiyo niseme kidogo maana naona mnaijadili kama vile ukitema mate tu kompyuta inakwambia babu yako alitoka wapi. Haiko hivyo.

Sisi ni Wapare, kaka yangu alipima Y, vituo 37, tulitaka kujua ukoo wetu kama kweli ulitoka Taita maana bibi alikuwa anasema hivyo. Majibu yakaja, E-M2 kama huyo wa maabara alivyosema, na orodha ya watu wanaofanana naye. Kwenye vituo 12 kulikuwa na orodha ndefuuu, nikafurahi, kufungua nikakuta karibu wote ni Wamarekani weusi wa Virginia na Carolina na majina ya Kiingereza, yale waliyobandikwa utumwani, hata jina moja la kwetu hakuna. Kwenye vituo 37 orodha ikawa tupu. Tupu kabisa. Kwa sababu kampuni inalinganisha na watu waliopima, na Mpare gani amepima? Mtaita gani? Nilituma imeili kwa baadhi ya wale wa vituo 12, mama mmoja akanijibu kwa niaba ya kaka yake, barua ndefu, anauliza kama Pare ni karibu na Ghana. Nilishindwa hata pa kuanzia, tukaishia kuwa marafiki mpaka leo tunatumiana salamu za Krismasi, lakini kuhusu Taita sijui kitu.

Kwa hiyo dogo usitegemee kwamba utapima wewe peke yako afu jibu litatokea. Kwa watu wetu lazima ubebe pande zote mbili mwenyewe. Waliopima pande mbili ndo wanalinganishwa, basi.

Halafu hili la usiri usilichukulie poa. 23andMe, kampuni ya vipimo vya DNA ya huku Marekani, mwaka 2023 waliingiliwa na wadukuzi, taarifa za watu kama milioni 6.9 zikachukuliwa, na Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi mahakamani, watu wakawa wanahangaika kufuta data zao zisije zikauzwa. Na hawa hata ungepima kwao wangekupa jina la kundi lako la Y tu, hawakulinganishi na mtu kwa Y. AncestryDNA nao waliacha vipimo vya Y tangu 2014. Wengi wananunua kwa kuona tangazo wanashangaa.

---

wakili_wa_kata

Kabla hujaagiza chochote mtandaoni soma Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Sampuli ya binadamu kwa ajili ya DNA ina utaratibu wake, kuikusanya, kuisafirisha, kuihifadhi, na kuitoa nje ya nchi ni suala la kibali, siyo kubandika stempu na kupeleka posta. Msimamizi ni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Wao wanafanya vipimo vya uhalali wa mzazi na mtoto, vya jinai, utambuzi wa waliokufa kwenye ajali, na hata hivyo hawapokei mtu aliyejiendea tu, maombi yanapitia mahakama, wakili, ustawi wa jamii, mkuu wa wilaya na kadhalika. Swali la ukoo la vizazi kumi siyo shughuli yao ya kila siku. Andika barua, uliza. Na kila atakayepimwa asaini ridhaa mwenyewe, hasa mzee, asije mtoto wake akaja kukushtaki kwamba ulimpanulia baba mdomo bila kumwelewesha.

---

binti_wa_Lamu

Assalaam aleikum jamaa. Mie si Mchagga lakini mambo haya sisi wa pwani tumeyaona, tena kwa kishindo. Mwezi wa tatu 2023 ulitoka ule utafiti kwenye jarida la Nature, walipima mifupa ya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800, Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara, pamoja na mji mmoja wa bara. Katika walioongoza yumo Profesa Chapurukha Kusimba, Mkenya. Wakakuta asili ya upande wa akina mama karibu yote ni Afrika, na upande wa wanaume kumeingia Uajemi, ule mchango wa Asia asilimia 80 mpaka 90 ni wa wanaume wa Kiajemi, na mchanganyiko ulianza kama mwaka 1000. Baada ya 1500 hivi ikawa ni Uarabuni zaidi.

Basi wallahi siku hiyo kila mwenye jina la Shirazi, yaani wa asili ya Shiraz huko Uajemi, alitembea kifua mbele. Na waliokuwa wakisema Ushirazi ni hadithi ya kujipandisha wakanyamaza kidogo. Lakini someni vizuri, utafiti umesema juu ya watu waliozikwa kwenye yale makaburi, haukusema kitu juu ya fulani wa leo anayejiita Mshirazi. Jina hilo watu wengi wamelichukua kwa sababu zao, Zanzibar hata chama cha siasa kiliitwa Afro-Shirazi mwaka 1957. Mwenye jina na mwenye Y si lazima wawe mtu mmoja. Na lililonifurahisha mie ni kwamba wale akina mama ndio waliobeba zaidi ya nusu ya damu ya wengi wao na hakuna jina lao hata moja lililoandikwa popote. Nyie huko mwabishana Mushi na Mushi, bibi zenu wa ukoo gani mwawajua?

---

kihamba_cha_babu

Binti wa Lamu umenipiga pabaya hahaha. Mama yake babu ni wa kina Lema, zaidi ya hapo giza.

Nashukuru sana wote. Nimemsomea baba majibu ya mtu wa maabara, amefurahi mno na ile ya tofauti ishirini, anaona kama ameshashinda. Babu mdogo nikamsomea ya Mzee wa Uru na yeye akaona ameshinda. Sasa naomba Mkibosho yeyote humu ndani, kina Mushi wa huko wenyewe wanasema walitoka wapi?

---

Mkibosho_halisi

Nipo mkuu. Mimi siyo Mushi lakini bibi yangu mzaa baba ni Mushi. Kwa tulivyosimuliwa kule kuna kina Mushi zaidi ya kundi moja, hata mazishi hawaendi kwa utaratibu mmoja, wengine wanasema wapo tangu mwanzo na wengine wanasema walishuka kutoka upande wa magharibi, ambao ndo Machame. Kwa hiyo shangazi yako na baba yako wanaweza wote wakawa sahihi, inategemea huyu kijana ni wa Mushi ipi. Kaulize mtaa kwanza kabla ya kuuliza DNA.

Ila nataka niongeze kitu kimoja maana najua kuna watu watasema haya ni mambo ya Wazungu. Sisi tumeshapimwa. Mnakumbuka Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pale Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 na wenzake, na Mangi Molelia wa kwetu Kibosho akiwemo. Vichwa vikapelekwa Ujerumani. Berlin kulikuwa na mkusanyiko wa mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki, 904 walikuja kuyatambua kuwa ya Rwanda, 202 ya huku kwetu na 22 ya Kenya. Mwaka 2023 wakatangaza wamelinganisha DNA ya machache na ya watu walio hai Kilimanjaro, na matatu yakapata wenyewe. Moja lilikuwa limeandikwa Akida, likaoana na kizazi cha akida mshauri wa Mangi Meli. Mawili yakaoana na familia ya Molelia. Cha Meli mwenyewe hakikuwemo, na mjukuu wake ametoa DNA na amekitafuta miaka na miaka.

Kwa nini ilifanikiwa? Siyo kwa sababu mashine ni kali. Ni kwa sababu mafuvu mengi yalikuwa hayana habari yoyote, wakachagua yale manane tu yaliyokuwa na maandishi ya kuashiria ni ya nani au yametoka wapi, na huku familia zilikuwa zinajulikana na zinakumbuka. Kulikuwa na stori ya kupima. Mngeingia na mafuvu 202 bila jina mkaanza kupima mlima mzima mngekuwa bado mnapima. Kwa hiyo hiyo stori ya shangazi msiidharau, iandikeni vizuri, majina, mtaa, mangi nani, hata kama haina mwaka. Na rejista za ubatizo mkazitafute, wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliingia Machame 1893 na Wakatoliki walikuwa Kibosho miaka hiyohiyo, mle kuna jina la mtoto, la baba, la mzazi wa ubatizo. Unaweza ukapanda mpaka babu wa babu ukiwa umekaa kwenye benchi la parokia bila kutema mate.

---

Mzee_wa_Uru

Huyu Mkibosho ana akili. Ongeza na nyama.

---

dada_wa_mjini

Mimi nauliza tu, muda wote huu mnapima wanaume, bibi harusi kaulizwa anataka nini? Maana mtamaliza rejista, mtamaliza kibali, mtamaliza vituo 111, mtoto wa watu keshazeeka.

---

kihamba_cha_babu

Dada wa mjini kaulizwa. Amesema yeye na mwenzake watapima kile cha pili, cha undugu wa karibu, na jibu likiwa safi hawasubiri mtu. Hicho kikao kingine cha nani alivuka mto anasema tutaendelea nacho wenyewe hata baada ya harusi.

Mrejesho: Mushi ya kijana tumeijua ni ya mtaa gani, na ni hao wanaosema walitoka magharibi, kwa hiyo shangazi hakamatiki sasa hivi anatembea kama waziri. Baba amepoa. Barua ya Mkemia Mkuu nimeiandika kupitia kwa wakili kuulizia vipimo vyote viwili na kibali cha sampuli kwenda nje, nasubiri. Ikijibiwa vizuri tutafanya Krismasi maana ndo wanaume wote wanakuwa wamepanda nyumbani, kwetu nimepata watatu wa nyumba tofauti, na kule Kibosho mzee wao amekubali na wenzake wawili. Babu mdogo naye amekubali kwa sharti moja, kwamba yule mzee wa Kibosho apimwe siku hiyohiyo, mahali pamoja, na yeye akiwa anaangalia, maana anasema watu wa ng'ambo hawaaminiki kwenye mambo ya mate.

Mtu wa maabara, kuna cha kuzingatia siku yenyewe?

---

mtu_wa_maabara

Kipo na ni muhimu. Nusu saa kabla wasile, wasinywe, wasivute sigara, wasitafune kitu. Unasugua ndani ya shavu kwa nguvu kidogo, siyo kugusa tu, dakika moja kila upande wa shavu, kijiti usikishike sehemu ya pamba na kisigusane na cha mwenzake. Andika jina kwenye kila kichupa kabla hujampanua mtu mdomo, maana ukiwa na wazee sita wote wanaitwa Mushi utajikuta una vichupa sita vimeandikwa Mushi, hapo hata Mungu hakusaidii.

Na muwapime asubuhi. Mbege ikishatoka hamtampata hata mmoja mwenye mdomo mkavu.